Mkono wa Bridget

Marlbeck,
8 Septemba 1996

Shangazi Winifred mpenzi,

Nianze na hali ya hewa, maana bila hiyo utadhani barua hii imeandikwa na mgeni. Mvua imenyesha tangu Jumatatu, ikapumzika Alhamisi ili watu waanike nguo, kisha ikarudi kuzilowesha. Sisi wazima. Mke wangu Pauline mgongo umempoa na amerudi kazini kwake maktaba ya mji. Bridget hajambo, amerefuka, sketi za mwaka jana zote zimemkataa. Tunakuwaza huko kisiwani, na kujiuliza kama mtu wa miaka sabini na tisa ana haja kweli ya kuishi mahali ambapo kondoo ni wengi kuliko watu, meli ya posta inakuja ikijisikia, na simu mwenyewe umeikataa.

Sasa habari ya shule. Tumeletewa taarifa kwamba wakaguzi watakuja Februari, wiki nzima. Tangu siku hiyo walimu wanatembea kama watu walioambiwa wana ugonjwa. Bwana Thripp, mkuu wetu, ambaye hujawahi kumwona na hujapata hasara, aliitisha kikao papo hapo kuzungumzia sura ya shule. Mimi nikasimama nikapendekeza tuanze na paa la maabara, maana limevuja mwaka wa tatu huu na watoto wanasoma kemia wakizunguka ndoo. Bwana Thripp akanitazama kwa upole akasema, "Inavutia sana, Geoffrey." Kisha akaendelea na suala la maua. Nina matumaini.

Kuna jambo jingine, libaki kati yetu. Wakaguzi wakiridhika, Bwana Thripp atapanda kwenda ofisi za kaunti, na kiti chake kitabaki wazi. Amenidokeza, si kwa maneno, ila kwa namna alivyonimiminia chai mimi kwanza, kwamba kiti hicho huenda kikanifaa. Miaka yote hii nimekuwa naibu, yaani mtu wa kuwafukuza wavuta sigara nyuma ya banda la baiskeli. Nakitaka kiti hicho, Shangazi. Kwako sioni haya kulisema.

Mwanao,
Geoffrey


Orkney,
30 Septemba 1996

Geoffrey mwanangu,

Barua yako imefika ikinuka samaki, maana anayeleta posta ndiye anayeuza samaki, na mikono yake ni hiyo hiyo. Mimi mzima. Goti la kushoto linatabiri mvua, la kulia linatabiri wageni, na yote mawili huongopa. Jirani yangu Magnus amemuuza yule kondoo dume aliyekuwa akinivizia langoni, kwa hiyo sasa ninatoka nje bila fimbo.

Unaniambia mkuu wako kasema "inavutia sana", na wewe una matumaini. Hivi wewe umezaliwa wapi? Mtu wa kwetu akikwambia jambo lako linavutia sana, ameshafunga mlango, amezima taa, amekwenda kulala. Marehemu baba yako alimjibu mama yako "inavutia sana, mpenzi" kwa miaka thelathini huku akisoma matokeo ya kriketi. Siku moja mama yako akamwambia jiko linaungua, akajibiwa hivyo hivyo. Na lilikuwa linaungua kweli. Pazia la jikoni wewe mwenyewe ulilikuta jeusi ulipotoka shule.

Mimi nilikuwapo walipounganisha shule yetu ya wasichana na ile ya wavulana, wakasema sasa mtoto wa daktari na mtoto wa mchimba makaa watasoma chini ya paa moja. Wenzangu walilia chumbani mwa walimu. Mimi niliipenda fikra ile na bado naipenda. Kama paa lenyewe ndilo linalovuja, basi zibeni, msilipambe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kiti ukitaka, kitake. Lakini "Bridget hajambo, amerefuka" ni habari gani? Hata magugu hurefuka. Huyo mtoto huniandikia kila mwezi kurasa nne bila nukta, akinieleza nani kagombana na nani na kwa nini wote wamekosea. Ya Septemba sijaiona. Mwambie bibi yake anauliza.

Shangazi yako,
Winifred


Marlbeck,
17 Novemba 1996

Shangazi mpenzi,

Baridi imeshuka. Magari yanakataa kuwaka asubuhi, na jirani yetu anasalimia kwa kichwa tu ili asifungue mdomo ukaingia upepo. Pauline anakushukuru kwa jamu, tumeshaimaliza.

Kazi imepamba moto. Kuta za shule zimepakwa rangi hadi kimo cha macho ya mtu mzima. Juu ya hapo, anasema Bwana Thripp, mkaguzi hatazami. Langoni pametundikwa kibao kipya kilichoandikwa PAMOJA TUNAPAA. Siku ya tatu mtoto fulani akachora chini yake ndoo, tena kwa ustadi, hata mpini wake uliopinda. Tumekodi mimea mikubwa ya kwenye vyungu, itakayorudi kwa wenyewe mara wakaguzi wakiondoka. Watoto wa kidato cha kwanza wamekatazwa kuigusa, na mwalimu mmoja aliyezidi bidii amewakataza hata kuikodolea macho.

Kila mwalimu amechagua somo lake moja zuri, na analirudia. Bwana Pargeter wa jiografia amechagua volkano. Kidato cha pili kimefundishwa volkano ile ile tangu Oktoba. Juzi aliingia darasani akasema, "Hamjambo?" na mikono yote ikainuka.

Ndiyo, najua utanicheka. Lakini nakuhakikishia, Bwana Thripp ameanza kuniita ofisini kwake kila Ijumaa, na kuna biskuti.

Bridget anakusalimu. Ana kazi nyingi za shule, ndiyo maana kalamu imekuwa nzito. Kulikuwa na jambo dogo kwenye mkutano wa asubuhi, halina uzito, limekwisha.

Mwanao,
Geoffrey


Orkney,
29 Desemba 1996

Geoffrey,

Heri ya mwaka mpya utakapofika. Huku upepo umeng'oa mlango wa banda la kuku, na kuku wenyewe wamehamia jikoni kwangu wakakataa kuondoka. Krismasi nilikula kwa Magnus. Alipika bata mzinga mpaka akawa kama kiatu, tukamsifu, tukala viazi.

Sweta la Bridget litakuwa limefika. Likimkosa, mlaumu baba yake, ambaye kila nikimuuliza mtoto hali yake hunijibu kuwa amerefuka, na hasemi kiasi gani.

Kadi yenu imefika pia. Ina picha ya ndege juu ya theluji, majina matatu, na mwandiko mmoja. Geoffrey, mimi nimesahihisha madaftari ya watoto maisha yangu yote. Mwandiko wako naujua tangu una miaka sita, na hiyo G yako iliyokaa kama bata juu ya mayai. Jina la Bridget umeliandika wewe, tena ukajitahidi kulilaza upande ili lifanane na lake. Mtu haghushi jina la binti yake kwenye kadi ya Krismasi bila sababu. Mkono umemvunjika?

Na "jambo dogo, halina uzito, limekwisha": nimeona sentensi nyingi, lakini yenye kufuli tatu ndiyo hii. Mficha uchi hazai. Nifungulie.

Winifred


Marlbeck,
19 Januari 1997

Shangazi,

Sote tuna mafua. Sweta limemkaa vizuri. Mikono imezidi kidogo, naye anaifurahia maana anaficha vidole ndani. Nimemwona akilivaa. Kuniambia hakuniambia.

Haya, nakueleza. Mwezi wa kumi na moja, mkutano wa asubuhi, Bwana Thripp alisimama mbele ya shule nzima akahutubia juu ya sifa zetu. Akasema hii ni shule isiyo na uonevu. Kisha akauliza, "Kuna yeyote hapa aliyewahi kuona uonevu katika shule hii?" Wewe unayajua maswali ya namna hiyo. Jibu lake ni kimya, halafu kinanda, halafu wimbo.

Bridget akainua mkono.

Bwana Thripp akajifanya hakuuona. Kinanda kikalia, tukaimba, mkono uko juu. Yakaja matangazo ya timu ya hoki, mkono uko juu. Ikaja sala, kila mtu akafumba macho, mimi nikafumbua langu moja: mkono uko juu, na wa pili umeushika kwa chini kuuegemeza. Watoto elfu moja na mia sita walitoka ukumbini kwa mistari, na binti yangu akatoka katikati yao akiwa bado ameuinua, kama abiria anayesimamisha basi lililokwisha kupita.

Walimu walisema ni utovu wa adabu. Nami nikamwambia jioni kwamba kuna mahali pa kusema mambo na mahali si pake. Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya chumvi tu. Nipe. Asante. Ndiyo hiyo kadi ya Krismasi.

Sasa Ijumaa iliyopita Bwana Thripp kaniita. Biskuti zilikuwa za chokoleti, nikajua kuna neno. Akasema, "Geoffrey, sijui kama ungependa, ukipata nafasi, wala si lazima, kufikiria safari ndogo ya elimu. Ufukweni. Wiki ile ya wageni."

Nikamwuliza, "Ufukweni, Februari?"

"Hewa ya bahari, Geoffrey. Kwa wale vijana wetu ambao darasa haliwatoshi. Kama arobaini hivi. Unawajua."

Nikasema nawajua. Akanyoosha jani la mmea wa kukodi, akasema bila kunitazama, "Na nilikuwa nawaza tu, kwa sauti, kwamba mtu anayetumaini kuongoza nyumba kubwa angeanzia na ile ndogo yake."

Basi linaondoka Jumatatu ya tarehe kumi Februari kwenda Scarborough. Mimi ndiye mwongozaji. Kama Bridget atakuwemo au hatakuwemo, kaniachia mimi. Nikikataa, kiti kimekwenda. Nikikubali, ni siku tano tu, na huenda bahari ikamfaa. Sijaamua. Niambie wewe.

Geoffrey


Orkney,
28 Januari 1997

Geoffrey,

Salamu utazipata mwisho, nikibaki nazo.

"Sijui kama ungependa, ukipata nafasi, wala si lazima." Ndivyo tunavyoamrishana watu wa kwetu, tena amri za aina hiyo ndizo zinazotekelezwa mbio. Mwenzio kakwambia umfiche mwanao, wewe unaniambia kakuachia uamuzi.

Nimesoma barua yako mara tatu. Umeniambia mkono ulivyoinuka, ulivyoegemezwa, ulivyotoka mlangoni. Biskuti umeniambia ni za namna gani. Jambo moja hukuniambia, na nadhani hukuniambia kwa kuwa hulijui: mtoto aliona nini? Aliulizwa swali, akanyoosha mkono kama alivyofundishwa tangu chekechea, na mpaka leo hakuna mtu mzima aliyemwambia, "Ndiyo, Bridget, sema." Hata babake. Umemwuliza?

Muulize kabla ya hilo basi. Usipandishe mtoto basi kwa kosa la kujibu swali.

Magnus anasema upepo unageuka kaskazini na meli huenda isitoke. Nimempa barua hii aikimbize gatini sasa hivi, na buti zake hazijafungwa kamba.

Salamu kwa Pauline. Kwako, zikibaki.

Winifred


Marlbeck,
23 Machi 1997

Shangazi mpenzi,

Barua yako ilifika tarehe ishirini Februari, imelowa na kukauka na kulowa tena. Pauline alisikia kwenye redio kwamba meli zilifungwa huko kwenu zaidi ya wiki mbili. Kwa hiyo ushauri wako nimeupata baada ya kuuhitaji, na bora nikwambie mapema kabla hujaanza kunisifu: nilimpandisha. Nilimbebea begi lake mwenyewe, nikamwambia itakuwa safari nzuri. Pauline alisimama mlangoni mikono amekunja, hakutupungia.

Watoto walikuwa arobaini, na mimi na dereva. Alikuwemo Darren Sugden, aliyemfungia mwalimu wa muziki ndani ya stoo ya ngoma. Walikuwemo mapacha wawili wanaojibu kila swali kwa swali. Na alikuwemo binti yangu, amekaa peke yake kiti cha mbele, amevaa sweta lako.

Scarborough ya Februari ni upepo na kuta. Mawimbi yalivuka barabara yakaja kutulowesha upande wa pili. Tulinunua samaki na chipsi, na upepo ukazipeperusha chipsi kutoka kwenye karatasi, ndege wa baharini wakazidaka hewani. Wale watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Sijawahi kuwaona wakicheka bila mtu kuumia, na ilinishangaza.

Jumanne mchana Darren akanijia, mdomo umejaa. "Bwana Ackroyd," akasema, "Bridget yeye kafanya nini? Sisi wengine tunajua tulichofanya."

Nikamwambia ale chakula chake.

"Si ninakula. Nauliza tu. Mimi ile ya ngoma, sawa. Yeye je?"

Shangazi, nikamwachia na chakula changu. Nikaenda kwenye lile banda la kukingia upepo linalotazama bahari, Bridget alikuwa amekaa humo, nikakaa naye. Nikamwuliza, "Siku ile ukumbini, uliona nini?"

Hakugeuka. "Gemma Tordoff anakula chakula chake chooni."

"Tangu lini?"

"Tangu kidato cha kwanza. Akija kantini wanamwagia maji kwenye sahani yake, wanasema ananuka. Chooni hawamfuati. Wamemwachia, kama zawadi vile. Mimi nakula naye. Tunakaa juu ya masinki."

"Na wewe unakula chooni?"

"Sasa nimwache peke yake?"

Nikasema, na ningetoa chochote ili nisiwe nimelisema, "Kwa nini hukuniambia?"

Ndipo aliponitazama. "Nilikuambia, Baba. Septemba. Ulikuwa mezani unachora ratiba ya wakaguzi kwa kalamu za rangi. Nilikuambia yote mwanzo mpaka mwisho. Ukasema, 'Inavutia sana, mpenzi.'"

Nakumbuka ratiba, Shangazi. Nakumbuka hata Alhamisi niliipaka kijani. Yeye simkumbuki amesimama pale. Niliona aibu ambayo sina cha kuilinganisha nayo, nikamwambia hivyo hivyo, kwamba naona aibu, na kwamba anisamehe. Akasema, "Haya." Akanipa chipsi iliyopoa. Ndiyo sababu hakukuandikia, usimhesabie ubaya: kukudanganya hawezi, na kunisema hakutaka.

Jumatano asubuhi nilimwambia dereva ageuze.

Njiani nikawaeleza watoto kwamba wakaguzi wamekaa maktaba ya shule, kwamba mlango wao uko wazi kwa mwanafunzi yeyote, na kwamba mwenye la kusema aliseme kwa adabu. "Hakuna kelele," nikasema. "Pangeni foleni." Tukaingia kwa lango kuu, chini ya ile ndoo. Bridget aliponyoka kuelekea vyooni, akarudi amemshika mkono msichana mdogo mwembamba mwenye kisanduku cha mkate, na wote arobaini na mmoja wakajipanga kutoka mlango wa maktaba, mmoja nyuma ya mwenzake, kimya. Mwalimu wa muziki aliwaona akarudi kujifungia stooni mwenyewe.

Na wewe unatujua sisi na foleni. Saa ya mapumziko ikapiga, watoto wengine wakatoka, wakaona mstari, wakasimama nyuma yake. Wapishi wakadhani ni foleni ya kuagana na mtu, wakaja. Bwana Pargeter alijipanga na kidato cha pili chote. Mstari ulifika kwenye ngazi, ukashuka, ukazunguka mimea ya kukodi, ukatoka nje kwenye mvua. Hakuna aliyejua mbele kuna nini, na hakuna aliyethubutu kutoka akapoteza nafasi.

Hapo ndipo Bwana Thripp alipotokea ameshika kikombe chake. Katibu wetu, Bi. Crabtree, alikuwa mstarini na alisikia yote. Alimwuliza mtoto wa mwisho, "Hii foleni ya nini?"

"Sijui, Bwana," mtoto akasema, "lakini inasogea."

Bwana Thripp akaona mlango wa maktaba, akaona Darren anaingia, akaelewa. Akaanza kutembea haraka kwenda mbele kuuzuia. Akapita watu kumi. Mtu mmoja akakohoa. Akapita wengine kumi, wakakohoa wote. Mpishi mmoja akasema, "Samahani, Bwana, wengine tumesimama." Yule mzee angeweza kumfukuza mtu kazi bila kupepesa macho, lakini kuruka foleni mbele ya watu hakuweza. Uso ukawa mwekundu. Akarudi, akazunguka vyungu, akatoka nje, akasimama mwisho kwenye mvua na kikombe chake kikijaa tena.

Mkaguzi mkuu, Bi. Hathersage, alisikiliza mmoja mmoja, jioni nzima. Bridget alipofikiwa na zamu alimpisha Gemma atangulie. Wa kidato cha pili walipoingia, mkaguzi alimwuliza wa kwanza wao jina lake, naye akajibu, "Lava, Bibi." Na wa mwisho kabisa alipoingia ameloa chapachapa, Bi. Hathersage, ambaye alikuwa amechoka na hakuinua macho kwenye karatasi, alimwuliza kwa upole, "Na wewe, mwanangu, anayekuonea ni nani?"

Ripoti imetoka. Wametuandika vibaya, na si kwa uongo. Paa limetajwa. Bwana Thripp ameondoka, na usilie kwa ajili yake: kaunti imempandisha, sasa anazunguka shule zote kuzishauri namna ya kujiandaa kwa wakaguzi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Kiti chake wamempa mama mmoja kutoka Derby. Kwangu walisema maombi yangu yanavutia sana.

Nilikitaka, Shangazi. Bado kinaniuma nikipita mlango ule. Nimemwomba huyo mama anipe zamu ya kantini kila siku badala ya banda la baiskeli, akashangaa, akanipa. Nasimama pale katikati. Gemma na Bridget wanakaa meza ya dirishani. Darren amehamia meza yao, anakula kwa niaba ya watu watatu, na hakuna anayekaribia na maji.

Kama salamu zangu zilibaki, zitume.

Geoffrey


Orkney,
6 Aprili 1997

Geoffrey mwanangu,

Salamu zako hizi hapa, nilikuwa nimezitunza. Mimi mzima, kuku wamerudi bandani kwao, na Magnus ameleta kondoo dume mwingine mbaya kuliko yule wa kwanza. Miaka themanini imenikuta nikiwa juu ya ukuta, kondoo chini ananisubiri, nikipiga kelele mpaka mleta samaki akaja na barua zenu.

Kiti kilikuwa kizuri na ungekikalia vizuri, sitakudanganya kwamba hakikuwa kitu. Lakini mtoto aliulizwa akasikilizwa, na Gemma anakula mezani. Mengine utayazoea.

Kadi yenu ya siku yangu ya kuzaliwa nimeiweka juu ya meko. Ina picha ya keki. Nimeigeuza mara nyingi kutazama nyuma yake. Pauline ameandika jina lake, wewe na bata wako, na Bridget ameandika lake mwenyewe, kwa mwandiko mbaya ule ule, umeinuka upande wa kulia mpaka unataka kutoka nje ya kadi.

Chini yake kuna jina la nne, dogo, la penseli, kama la mtu asiyejua kama ameruhusiwa. Mwambie ameruhusiwa. Mwambie aje na Bridget kiangazi, meli ikitaka. Wale mezani kwangu.

Shangazi yako,
Winifred